Sindano Iliyoteleza

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kumlaza nyoka kiganjani, ukamgeuza huku na huku, usijue kichwa ni kipi na mkia ni upi? Usinicheke. Nyoka wa namna hiyo wapo, na alikuwapo mama mmoja aliyewajua kama anavyojua vidole vyake, na bado ikafika siku wakamshinda.

Mama huyo kazini walimwita Bi Magamba. Halikuwa tusi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuhesabu magamba ya nyoka waliokufa. Chumba chake kilikuwa chini ya jumba la makumbusho, unashuka ngazi kumi na moja, baridi yake haibadiliki kiangazi wala masika. Rafu za chuma zilifika darini, na juu ya rafu zilipangwa chupa za kioo zenye spiriti, na ndani ya spiriti vyura, mijusi na nyoka, kila mmoja na kikaratasi chake kilichofungwa kwa uzi. Pembeni ilikuwepo meza yake: taa ya kupinda shingo, kioo cha kukuzia kilichosimama juu ya mguu wa chuma, trei iliyomwagiwa nta nyeusi, na sindano yenye mpini wa mti. Mpini ule aliuchonga marehemu mumewe, na ulikuwa umeshaliwa na kidole gumba mpaka ukafanya kishimo.

Nyoka wake hasa walikuwa wale vipofu. Ni wembamba kama kamba ya kiatu, urefu wao shibiri moja, wanang'aa kama waliopakwa mafuta. Wanaishi udongoni na chini ya magogo yaliyooza, wanakula mayai ya sisimizi na watoto wa mchwa, na mtu hawamdhuru. Macho wanayo, ila ni vidoa viwili vyeusi vilivyofunikwa na gamba, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia zito. Wanachojua ni kwamba kuna mwanga au hakuna, basi. Kinywa kimejificha chini ya pua, na meno yako taya la juu peke yake. Nyoka wengine wana magamba mapana tumboni, hawa hawana. Juu, chini, ubavuni, gamba ni lile lile, la duara, laini. Na mkia, ndugu yangu, ni mfupi na butu vile vile kama kichwa, isipokuwa kwenye ncha kuna kijimwiba ambacho nyoka hukisimika udongoni ili ajisukume.

Sasa wanatofautishwaje, ikiwa wote wanafanana? Mkubwa wake wa kazi, ambaye kila mtu alimwita Daktari ingawa hakuwahi kutibu hata mafua, alikuwa akimweleza mgeni yeyote hivi: "Hawa ni kama watu. Kuna ukoo, ndani ya ukoo kuna nyumba, ndani ya nyumba kuna watoto. Sura ni moja, mapacha watupu. Ukitaka kujua huyu ni mtoto wa nani, zungusha mwili uhesabu safu za magamba."

Wapo wenye safu ishirini kuanzia mbele mpaka nyuma. Wapo wenye ishirini na nne. Wapo wenye ishirini na mbili mbele, wakienda mkiani wanapungua, zinabaki ishirini. Safu mbili tu, lakini ndizo zinazompa kiumbe jina au kumnyima. Ndiyo maana hesabu ilifanywa mahali patatu, mbele, katikati na nyuma, ikaandikwa kwenye kadi.

Na hesabu ya Bi Magamba haikuhojiwa. Huyo Daktari mwenyewe alikuja hapo akiwa mwanafunzi, na Bi Magamba ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Hata Mzee wa Funguo, mlinzi wa stoo aliyekuwa akitembea na mafungu ya funguo kiunoni kama njuga, alimtania kwa heshima.

"Bi Magamba, mimi ukinihesabu utapata safu ngapi?"

"Wewe huna magamba, una makunyanzi. Hayo mimi sikusomea."

Mzee alicheka mpaka funguo zikalia.

Lakini tangu masika ya mwaka uliopita, Bi Magamba alikuwa na siri. Ulianza ukungu. Alidhani ni kioo cha kukuzia, akakifuta. Alidhani ni balbu, akaibadilisha, akaibadilisha tena. Halafu siku moja nyumbani alisimama akisugua kioo cha dirisha kwa kitambaa, na binti yake, ambaye ni fundi cherehani, akamwuliza, "Mama, unasugua nini? Dirisha nimelisafisha sasa hivi." Hapo ndipo alipokiweka kitambaa chini.

Maana ukungu huo aliujua. Aliuona kwenye macho ya mama yake mzazi. Mtoto wa jicho alimwingia yule mama jicho moja, akahamia la pili, na wakubwa wakasema ni uzee, basi. Wakamkalisha kwenye kigoda kando ya mlango wa jikoni, akakaa pale miaka kumi na moja. Watu walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni mtungi. Na yeye Bi Magamba, akiwa msichana wa miaka tisa, ndiye aliyepewa kazi ya kumtoa nje asubuhi na kumrudisha ndani. Siku moja alimtoa, akaenda kuruka kamba na wenzake. Mvua ikanyesha. Aliporudi alimkuta mama ameketi wima, maji yanamchuruzika kidevuni, mikono imeshika magoti, hajaita mtu. Alisema neno moja tu: "Umenisahau." Bi Magamba sasa alikuwa na miaka hamsini na nane, na sauti ile ilikuwa haijazeeka hata siku moja.

Kwa hiyo alificha. Ngazi alizihesabu kwa mdomo, moja mpaka kumi na moja. Chai aliimimina akiwa ameweka kidole kwenye ukingo wa kikombe. Binti yake akimwomba, "Mama, nitungie uzi," yeye aliyekuwa akitunga uzi kwa sekunde moja alijibu kwamba kidole kinamwuma. Binti alicheka. "Siku hizi unaringa wewe. Umekuwa bosi." Alicheka naye. Kwenda hospitali? Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Asipotazamwa, ukungu ni ukungu tu, huenda ukaondoka ulivyokuja. Akitazamwa akaambiwa haiwezekani, kigoda kimeshawekwa mlangoni.

Kazini alijifunza kuhesabu kwa kidole. Sindano ikivutwa polepole kuzunguka mwili wa nyoka, inaruka kidogo kila inapovuka mpaka wa gamba. Tik. Tik. Mtu asiyezoea hahisi kitu. Yeye alihisi, akahesabu, akaandika, na hakuna aliyejua. Ndivyo alivyodhani. Mwezi mmoja Mzee wa Funguo alishuka na kopo la rangi nyeupe akapaka ukingo wa kila ngazi. Bi Magamba alipomwuliza, alijibu, "Imebaki walipopaka choo. Niitupe? Mali hiyo."

Basi wakati Daktari yuko safarini, ikaja chupa moja kutoka kisiwa kidogo cha mbali. Wachimba kisima walimkuta nyoka chini ya jiwe, kipofu, kahawia iliyokolea, mmoja tu. Bi Magamba alimlaza kwenye nta, kichwa kushoto kama desturi yake, akazungusha sindano, akaandika kadi: mbele ishirini, katikati ishirini na mbili, nyuma ishirini na mbili.

Daktari aliporudi aliisoma kadi akiwa amesimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Mama! Anaongeza safu akielekea mkiani? Wote duniani wanapunguza, huyu anaongeza?"

Alikimbia na nyoka kwenye hadubini yake ghorofani, akakitazama kichwa siku nzima, akachora gamba la pua, akachora kidoa cha jicho. Aliporudi alimwuliza kwa mdomo wa kucheka, "Safu umehesabu vizuri lakini?" Mzee wa Funguo akamjibu kwa niaba, "Uliza jua kama limechomoza vizuri." Wakacheka wote, na habari ikaishia hapo. Kwa miezi mitatu Daktari aliandika. Alikuwa ameshawapigia simu wenzake wa mbali. Na wiki ile alishuka ngazi mbili mbili kumpa Bi Magamba habari aliyoiona ni zawadi.

"Huyu nyoka nampa jina lako. Litakaa kwenye vitabu mpaka wajukuu wa wajukuu. Imebaki namba moja tu, magamba ya mgongoni kutoka kichwani mpaka mkiani. Nipe kesho, Alhamisi natuma."

Hesabu ya mgongo ndiyo ndefu, magamba mia tatu na zaidi, na Bi Magamba alikuwa ameiahirisha kila wiki kwa kisingizio kipya. Kesho yake, Jumatano asubuhi, hakuwa na kisingizio.

Alimlaza nyoka. Kichwa kushoto, mkia kulia. Sasa sikiliza kazi inavyofanywa. Magamba ya nyoka yamelaliana kama vigae vya paa, ncha zote zinaelekea mkiani. Ukivuta sindano kutoka kichwani, inateleza. Ukiivuta kutoka mkiani kwenda kichwani, inakwama kwenye kila kigae. Asiyeona vizuri anaanzia mkiani, anahesabu mikwamo.

Aliweka sindano kulia, akaivuta kwenda kushoto.

Iliteleza.

Alidhani ncha imekuwa butu, akaisugua kwenye jiwe la kunolea, akaifuta, akarudia. Iliteleza kama kidole kwenye sahani ya mafuta, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, bila kugusa kitu. Akahamisha sindano upande wa kushoto, akavuta kwenda kulia.

Tik. Tik. Tik. Tik.

Aliiacha sindano. Alinyoosha kidole cha shahada taratibu, kama mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto, akabonyeza ncha ya kushoto, ile aliyoiita kichwa kwa miezi mitatu. Kitu kikamchoma.

Kichwa hakina mwiba.

Alikaa akisikia taa inavyovuma. Kisha akazungusha sindano upya, mahali patatu, ingawa jibu alikuwa nalo. Mbele ishirini na mbili, nyuma ishirini. Nyoka wa kawaida mwenye jina lake tangu enzi. Kwenye rafu ya nne zilikuwepo chupa kumi na saba za ndugu zake wa damu. Hapakuwa na nyoka mpya. Palikuwa na mwanamke aliyemlaza nyoka kinyume kwa sababu hakumwona.

Mlango ukafunguliwa juu. "Mama, vipi namba yetu?"

"Kesho asubuhi," alisema. "Nataka nirudie, nihakikishe."

"Ndiyo maana nakupenda," Daktari alijibu kutoka juu, na mlango ukafungwa.

Mchana kutwa woga ulimtembea mwilini kama siafu. Angeweza kuandika namba yoyote. Nani angejua? Nyoka ni mmoja, na mwenye kuaminiwa ni yeye. Lakini chupa hazifi. Yeye mwenyewe alikuwa akifungua chupa zilizofungwa na watu waliozikwa zamani, na kila alipokuta kosa alijua aliyelifanya, maana kadi ina saini. Siku moja kijana mwenye macho mazuri angefungua hii, angezungusha sindano, kisha angesoma jina la nyoka na saini ya kadi, na kukuta ni mtu yule yule. Na yeye mwenyewe akisema kweli leo, je? Daktari hataishia kwenye nyoka. Atauliza, wewe wa miaka kumi na tisa kazini, ulikoseaje kichwa? Na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

Jioni nyumbani binti alikuwa anamalizia gauni la mteja aliyekuwa akimsubiri. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, sindano na uzi. "Mama, fasta, nisaidie."

Bi Magamba akapokea. Akalowesha uzi mdomoni. Akajaribu. Akajaribu tena. Tundu la sindano alilikumbuka tu. Alijichoma kidole kile kile kilichochomwa asubuhi, akatoa sauti ndogo.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimewaza mambo ya kazi." Akairudisha sindano tupu, akaenda kukaa kando ya mlango apate hewa. Alipogundua alipokaa, na kwamba mikono yake imeshika magoti, aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

Asubuhi ya Alhamisi alishuka bila kuhesabu kwa mdomo. Zile kingo nyeupe zilimwongoza, moja baada ya nyingine. Daktari alikuwa amemtangulia, amekaa kwenye kiti cha Bi Magamba, kalamu mkononi. Mzee wa Funguo alikuwa mlangoni akitafuta ufunguo ambao hakuna aliyemwuliza.

"Haya mama, nipe."

"Daktari, yule nyoka hana jina jipya. Nilimlaza kinyume. Pale nilipoandika mbele ni mkiani."

Daktari alicheka kwanza. Alipoona anacheka peke yake, alimchukua nyoka, akavuta kioo, akavuta taa, akaanza kuhesabu midomo ikicheza. Ilichukua muda. Bi Magamba alisimama akisikiliza pumzi ya Daktari inavyobadilika.

"Ishirini na mbili," alisema mwisho. "Ishirini." Akaweka sindano chini. "Miezi mitatu, mama. Nimeshawaambia watu."

"Najua."

"Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza..." Akajizuia. Akajifuta uso kwa viganja. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko hasira: "Sikiliza. Nilikuachia chupa nyingi nilipoondoka. Ulikuwa umechoka. Tuseme ulichoka, tuandike kadi nyingine, yaishe."

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi mbele yake. Neno moja tu, "ndiyo," angerudi kwenye kiti chake, taa yake, mpini wake wenye kishimo. Na chupa inayofuata angeihesabu vile vile, kwa kidole, na woga ule ule, mpaka siku ya kosa jingine. Midomo yake ilishaanza kulitengeneza neno lile.

"Sikuchoka," alisema.

Daktari alimtazama. Taratibu akachukua kadi mezani, akamnyooshea. "Nisomee hii."

Alipokea kadi, akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali. "Naona weupe," alisema. "Weupe tu."

"Tangu lini?"

"Masika ya mwaka jana."

Kisha Daktari akasema, bila kumtazama, yale maneno ambayo Bi Magamba alikuwa akiyakimbia zaidi ya mwaka mzima: "Basi kuhesabu huwezi tena."

Alingoja dari lianguke. Halikuanguka. Taa iliendelea kuvuma, nyoka alilala kwenye nta, na mlangoni Mzee wa Funguo akakohoa.

"Mimi nilijua tangu ulipoanza kuhesabu ngazi."

"Ukaninyamazia?"

"Ningekuambiaje? Mtu mzima hatangaziwi macho yake. Nikapaka rangi." Akatazama chini. "Rangi nilinunua. Haikubaki popote."

Bi Magamba alitaka kucheka. Daktari aliinuka, akamwachia kiti, akapiga magoti pembeni kama alivyokuwa akifanya zamani akiwa mwanafunzi, alipokuwa akifundishwa kushika sindano.

"Mama, jina na vitabu tuviache. Unataka nini? Sema wewe."

Kiti kilikuwa kifupi. Alikaa, akaona mikono yake inaelekea magotini, akaizuia, akakamata mpini wa mumewe. Mbele yake ulikuwa ukungu mtupu, na ndani ya ukungu mtu ameketi wima kwenye mvua, hajaita mtu. Yule mama hakuita. Miaka kumi na moja hakuita.

"Nataka kwenda hospitali ya macho," alisema. "Naogopa, siwezi kwenda peke yangu. Mwiteni mwanangu aje anishike mkono, na akishanishika asinisahau nje."